Daftari la mafuta: Majengo, Boma Ng'ombe na Machame

Nyumbani kwetu mafuta ya gari yana ukurasa wake kwenye daftari, sawa na ada, unga na umeme. Nilianza kuandika mwaka 2009, tulipopata Corolla ya mkono wa pili tukiwa bado wapangaji Majengo, hapa Moshi. Mwaka huohuo EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, ilianza kutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo sheli inaruhusiwa kuuzia, kwa hiyo daftari langu na bei hizo vimekua pamoja. Mimi ni mwalimu, mume wangu ni fundi umeme. Hela iliyoingia kwenye tangi ilikuwa imetoka kwenye kitu kingine, na nilitaka nijue ni kitu gani.

Jumatano ya kwanza ya mwezi ikifika, siku ya bei mpya kutangazwa, swali ni lilelile shuleni, kwenye kifodi (basi dogo la abiria) na nje ya kanisa: imepanda au imeshuka? Bei inauma, silipingi hilo. Lakini nikizifungua kurasa za nyuma naona kwamba miezi iliyotumaliza haikuwa lazima iwe miezi ya bei kubwa. Ilikuwa miezi tuliyotembea sana. Na kutembea kwetu kulikuwa kumepangwa siku nyingi na mambo mengine: tumejenga wapi, kazi iko wapi, watoto wanasoma wapi, wazazi wanaishi wapi. Ukishayaamua hayo, umeshanunua mafuta ya miaka kumi kabla hujafika sheli.

Nianze na elfu kumi, maana wengi wetu ndivyo tunavyonunua. "Niwekee ya kumi." Mwanzoni mwa 2015, bei ya mafuta duniani ilipokuwa imeanguka, elfu kumi ilikupa zaidi ya lita tano za petroli. Agosti 2022 bei kikomo ya Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na huku kwetu ilikuwa juu ya hapo, kwa hiyo elfu kumi ileile haikufikisha lita tatu. Anayenunua kwa shilingi halioni badiliko hilo waziwazi. Anachoona ni kwamba siku hizi gari linakula. Nawajua watu waliopeleka gari gereji likabadilishwa plagi na ea klina, kumbe gari zima kabisa, lita ndizo zilizopungua.

Ndiyo maana ukurasa wangu una safu tatu: shilingi, lita, na kilometa zinavyosomeka kwenye dashibodi. Ukitaka kujua gari lako linakula kiasi gani, jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilometa, tembea shughuli zako za kawaida, kisha rudi ujaze tena mpaka bomba lijikate. Lita ulizoongezewa ndizo ulizotumia. Gawanya kilometa kwa lita hizo. Sindano ya kwenye geji haikwambii hayo, na taa ya mafuta ndiyo kabisa, inaweza kuwaka mlimani na kuzimika ukishafika tambarare. Corolla yetu ilikuwa inakwenda kilometa 12 hivi kwa lita. Toyota IST tuliyonunua baadaye, yenye injini ndogo, inafika 14, na 15 tukiwa na safari ndefu za barabara kuu. Siku hesabu ikiteremka bila sababu ya mlima wala mizigo, ndipo namwita fundi. Mara nyingi kwetu imekuwa upepo wa matairi.

Kwenye pampu kuna mambo mawili siyaachi. Bomba halijaingia kwenye tangi mpaka nione pampu inasoma sifuri. Na siondoki bila risiti. Kijana wa pampu wakati mwingine anasema mashine inasumbua. Namwambia, "Nitasubiri, mwanangu, sina haraka," na mara nyingi mashine inapona. Risiti ya sheli inaonyesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita, na ndiyo ushahidi wako ukiuziwa juu ya bei kikomo au ukiwekewa mafuta mabaya. Shida yake ni ile karatasi. Ukiiacha juu ya dashibodi kwenye jua la Moshi, wiki haipiti maandishi yanafutika, unabaki na kikaratasi cheupe. Kwa hiyo nanakili jioni ileile na kuibandika risiti kwenye daftari. Bei ya wilaya yako unaweza kuipata kwa simu pia, kwa kupiga *152*00#. Hai ina bei yake, Rombo yake, Moshi yake, kwa sababu umbali wa kusafirisha haufanani.

Miaka yote hii nimejaribu kuelewa kwa nini bei inapanda upesi na kushuka kwa uchovu. Sehemu ya jibu ipo baharini: mafuta yanayouzwa leo yalinunuliwa wiki nyingi nyuma, kwa dola, na sisi wa Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara tunapangiwa bei kufuatana na shehena iliyoshushwa bandari ya Tanga. Imewahi kutokea mwezi ambao Tanga haikupokea meli, Dar bei inabadilika, huku kwetu inabaki palepale. Sehemu nyingine ya jibu ni kodi. Ushuru na tozo za mafuta zimepangwa kwa shilingi kwa lita. Mafuta ghafi yakishuka nusu, shilingi hizo hazishuki. Mwaka 2020, dunia ilipojifungia kwa sababu ya korona, mafuta ghafi yalianguka zaidi ya nusu ndani ya miezi michache, lakini petroli ya Dar ilishuka kutoka zaidi ya 2,000 mwanzoni mwa mwaka hadi 1,500 na kidogo ilipofika Juni. Nililitazama hilo kwenye ukurasa wangu kwa mshangao. Ulikuwa mwaka wa mafuta ya bei rahisi kuliko miaka mingi, na ndio mwaka ambao tulikaa nyumbani, shule zimefungwa tangu Machi.

Tozo zenyewe nimeziona zikiongezeka. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, ikahamishiwa kwenye lita kwa shilingi 40. Kwetu, tuliokuwa tukitembea kila siku, ilimaanisha kulipa kidogokidogo mwaka mzima badala ya mara moja. Kwa jirani yetu mstaafu ambaye gari lake lilitoka Jumapili tu, ilikuwa nafuu kubwa. Kwa bibi wa kijijini mwenye kibatari ilikuwa nyongeza tupu, maana mafuta ya taa nayo yaliongezewa, na yeye hajawahi kuwa na gari. Mwaka 2021 zikaja shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini, na 2023 nyingine 100 kwa ajili ya miradi mikubwa. Sisemi ni vibaya. Barabara za milimani huku mvua za masika zinazichimba kila mwaka, na anayezitumia anajua zinahitaji hela. Nasema tu kwamba sehemu ya bei tunayoilalamikia imekaa pale kwa uamuzi wa bajeti, na Juni kila mwaka naisikiliza hotuba ya Waziri wa Fedha nikiwa na kalamu.

Baba yangu alipokuwa hai alikuwa akisema sisi hatujaona shida ya mafuta. Yeye alizikuta zile Jumapili za zamani ambazo magari binafsi hayakuruhusiwa kuwa barabarani baada ya saa nane mchana, kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia mafuta. Ukienda kusalia mbali, unahakikisha ibada haikucheleweshi. Kwa hiyo hata Agosti 2011, wauzaji walipogoma kuuza baada ya EWURA kushusha bei, na foleni zikazunguka sheli, baba hakubabaika.

Sasa nije kwenye jambo lililobadilisha ukurasa wangu kuliko bei zote hizo. Mwaka 2014 tulihamia Boma Ng'ombe, wilaya ya Hai. Tulikuwa tumepata kiwanja kwa bei ambayo Moshi mjini tusingeiota, tukajenga polepole, tukahamia kabla dari halijawekwa. Furaha ya kuacha kulipa kodi ya pango kila miezi sita naikumbuka mpaka leo. Lakini kutoka Boma mpaka kazini kwangu Moshi ni zaidi ya kilometa 20 kwenda, na nyingine kurudi. Majengo nilikuwa natembea kwa miguu, gari linalala nyumbani wiki nzima.

Miezi ya kwanza nilikaa na mume wangu mezani tukaweka kurasa mbili sambamba, ya Majengo na ya Boma. Mafuta yalikuwa yamemeza zaidi ya nusu ya ile kodi ya pango tuliyoisherehekea kuiacha. Na hapo 2015 ilikuwa inakuja, mwaka wa bei nzuri. Mume wangu akasema maneno ambayo nimeyashika: "Nyumba ni yetu, lakini barabara bado tunaipanga." Hatukujuta kujenga, na mpaka leo sijuti, watoto wamekulia kwenye uwanja wao, tuna migomba, tuna ng'ombe mmoja. Ila mtu anaponiambia kiwanja cha mbali ni cha bei rahisi, namwuliza atakuwa anakwenda kazini kwa usafiri gani, mara ngapi kwa wiki, na nani atampeleka mtoto shule. Bei ya kiwanja inalipwa mara moja. Umbali unaulipia kila asubuhi.

Tuligawana safari. Siku za kawaida nilipanda kifodi cha Boma–Moshi, mume wangu alibaki na gari siku za kazi zenye vifaa vizito, na siku zake nyepesi gari lilipumzika. Watoto tuliwahamishia shule ya hapahapa Boma, ambako wanaweza kwenda kwa miguu. Ndugu wengine hawakufurahi, walisema ya Moshi ina jina. Lakini jina hilo lilikuwa likitutoa nyumbani na gari saa kumi na mbili asubuhi siku tano za wiki, na mtoto anasinzia kwenye kiti cha nyuma. Matokeo yao hayakushuka. Hela tuliyookoa ilikwenda kwenye vitabu na kwenye dari.

Kuna safu nyingine niliyoianzisha baadaye, nikaipa jina "ukoo". Wazazi wa mume wangu wapo Machame, unapanda kutoka Kwasadala. Anayeijua barabara ile anajua ni mlima mtupu. Kupanda, gia ya pili na ya tatu, mafuta yanakwenda. Kurudi, unaachia mguu karibu njia nzima. Kwa wastani hesabu haiwi mbaya sana, ila ukienda umebeba mifuko ya saruji na kurudi na mikungu ya ndizi na watu wanne, unaiona.

Safu hii ndiyo nzito kuliko nilivyotegemea. Mama mkwe kwenda kliniki. Msiba wa baba mdogo. Kipaimara cha mtoto wa shemeji. Kikao cha harusi, halafu kikao kingine, halafu harusi yenyewe. Gari moja kwenye ukoo wa watu wengi haliwi gari la mtu mmoja. Desemba ndugu wanaporudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, kutoka Dar na Mwanza, gari letu linapanda na kushuka mlima kila siku, na ukurasa wa Desemba huwa mrefu kuliko kurasa za miezi mingine hata mwaka ambao bei iko chini.

Nilijiuliza kama ni sawa kuandika safari za mama mkwe kwenye hesabu, kana kwamba namdai. Siku moja tunatoka kliniki aliniona naandika kwenye kikaratasi.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Mafuta, mama. Naandika tumetumia kiasi gani."

Alinyamaza kidogo. "Na mimi nimetumia kiasi gani?"

Nikamweleza kwamba naandika ili mwezi ujao hela ya kliniki yake iwe imetengwa mapema, isije ikakosekana siku anayoihitaji. Akatikisa kichwa kukubali. Tangu siku hiyo akawa ndiye anayenipigia simu wiki moja kabla kunikumbusha tarehe, na akaanza kuzipanga safari zake mwenyewe: siku ya kliniki ndiyo hiyohiyo ya kupitia benki na ya kununua dawa ya ng'ombe. Mzee wa miaka zaidi ya sabini alielewa hesabu ile haraka kuliko vijana wengi. Shemeji zangu nao, walipoona ukurasa, walianza kuchangia hela ya mafuta wakati wa misiba bila kuombwa, jambo ambalo kwa mdomo lingeleta maneno. Safu ya ukoo haijapungua sana, na sitaki ipungue. Nimeitengenezea bajeti yake.

Halafu yapo mafuta ambayo hayapiti kwenye tangi lako. Mwaka 2022, bei ilipopaa, serikali ilianza Juni kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, lakini nauli zilikuwa zimeshapanda tangu Mei, na LATRA, mamlaka inayopanga nauli, ikazipandisha tena Desemba 2023. Sisi tuliojisifu kwa kupanda kifodi tukayalipa mafuta kwa mlango wa nyuma. Bodaboda kutoka barabara kuu mpaka nyumbani ikaongeza. Gari la shule la watoto wa jirani likaongeza mchango wa muhula. Wanaoleta nyanya na vitunguu sokoni Boma wanakodi Canter inayokunywa dizeli, na dizeli miezi kadhaa ilikuwa juu ya petroli. Nilijaribu mwaka ule kuandika vyote pembeni, nauli, boda, hata tofauti ya bei ya ndizi, na kwa nyumba kama yetu mafuta ya pembeni yalikaribia yale ya gari. Nyumba isiyo na gari inatumia mafuta. Ikisoma risiti ya sokoni kwa makini itayaona.

Katikati ya 2023 mafuta yalianza kupotea. Dola zilikuwa adimu, waagizaji walichelewa kulipa, na sheli kadhaa za Moshi zilifunga kamba. Ilifika mahali mtu anaulizia mafuta kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Ndipo biashara ya chupa ikapamba moto: petroli kwenye chupa za maji, barabarani, kwa bei ya juu ya bei kikomo, na hujui ndani kuna nini. Hatukununua hata moja, na tulikataa kabisa kuhifadhi dumu ndani ya nyumba. Petroli inatoa mvuke unaotambaa chini na kushika moto kutoka kwenye jiko lililo upande wa pili wa chumba. Hakuna foleni inayostahili hatari hiyo mahali wanapolala watoto. Tulichofanya ni kuacha kungojea taa iwake. Nusu tangi ndiyo imekuwa mwisho wetu, tunajaza pale. Kwa siku zile za uhaba, nusu tangi ilitupeleka kliniki na kuturudisha mara mbili bila kusimama kwenye foleni ya mtu.

Mwaka huu kijana wetu mkubwa amepata kazi Arusha, karibu na Sanawari. Wazo lake la kwanza lilikuwa kukaa nyumbani Boma na kwenda na kurudi kila siku kwa pikipiki, kwa sababu chumba Arusha ni ghali na nyumbani chakula kipo. Nilimfungulia daftari. Tulihesabu kilometa, zaidi ya 50 kwenda na zaidi ya 50 kurudi, tukazigawa kwa lita za pikipiki, tukazidisha kwa bei ya mwezi huu, tukaongeza matairi, oili na mnyororo. Kisha tukaweka pembeni kodi ya chumba kimoja cha kawaida Sanawari na nauli ya kuja Boma mara mbili kwa mwezi. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, chumba kilikuwa juu kidogo. Baba yake akaongeza jambo ambalo halipo kwenye safu yoyote: barabara ile usiku, malori ya mizigo, na ukungu wa Juni na Julai kuanzia Usa River.

Amepanga chumba. Anatembea kwa miguu kwenda kazini, na pikipiki aliyotaka kununua ameiahirisha. Juzi ameniomba daftari jipya la kaunta, anataka na yeye aanze ukurasa wake, nauli kwanza.